Taya moja, mafuvu elfu mbili

Hebu weka kidole kwenye kidevu chako, kisha kipitishe taratibu hadi karibu na sikio. Umekutana na kiungo chochote njiani? Hakuna. Taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Sasa jiulize, ilikuwaje matabibu wakafundishwa kwa karne nyingi kwamba ni mifupa miwili?

Fundisho hilo lilitoka kwa Galen, tabibu wa karne ya 2 kutoka Pergamon. Alikuwa hodari kweli, ila enzi zake kupasua maiti ya binadamu hakukubaliki. Alitegemea sana wanyama, kama kima na nguruwe. Jina lake likawa kubwa mno, na wengi waliomfuata wakaamini maandishi yake bila kurudi kwenye mifupa yenyewe.

Mwaka 1200 maji ya Mto Nile hayakupanda kama kawaida. Njaa kali ikaikumba Misri, na watu wakafa kwa maelfu, wengi bila wa kuwazika. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwepo. Huko al-Maqs, karibu na Kairo, palikuwa na kilima cha mabaki ya watu, naye akaenda kutazama. Yeye na wenzake wakakagua mafuvu zaidi ya 2,000. Kila taya lilikuwa mfupa mmoja, halina mshono wowote.

Kwa nini mengi hivyo? Fikiria: fuvu moja lingeitwa kasoro. Mafuvu 2,000 huwezi kuyaita kasoro. Abd al-Latif hakumtukana Galen, alimsifu kwa umakini wake. Lakini aliandika wazi kwamba ushahidi wa macho una nguvu kuliko neno la Galen.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, mwaka 1543, Andreas Vesalius naye alichapisha kitabu chenye sahihisho hilohilo, huko Ulaya.

Kuna jambo moja tamu hapa. Mtoto mchanga huzaliwa na taya lenye nusu mbili, nazo huungana kidevuni ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo wewe pia uliwahi kuwa na taya la Galen, kwa miezi michache tu!

Ila tusisahau waliotufundisha haya. Walikuwa watu waliokufa njaa, hakuna aliyewaomba ruhusa, na majina yao hatuyajui. Ukishika mfupa maabara, ushike kwa heshima.