Aliyeandika Bei na Aliyeilipa: Sheria za Tiba Tanzania Tangu 1977

Mwaka 1977 Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Hospitali Binafsi. Kuanzia hapo daktari wa Bara hakuruhusiwa tena kufungua hospitali yake na kuwatoza wagonjwa kwa faida yake mwenyewe. Hospitali isiyo ya serikali ilipaswa kuwa mikononi mwa shirika lililoidhinishwa, yaani kanisa, jumuiya ya kidini au taasisi ya hiari isiyofanya biashara. Sheria hiyo hukumbukwa kwa katazo hilo, kana kwamba ni ukurasa mmoja wa Ujamaa uliofunguliwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 na kufungwa mwaka 1991. Wachache wanakumbuka kwamba ilikuwa na lengo la pili: kudhibiti ada na malipo yanayotozwa katika hospitali binafsi. Katazo liliondolewa, lakini mamlaka juu ya ada yakabaki kwenye vitabu vya sheria. Mimi naona lengo hilo la pili ndilo lenye somo kubwa zaidi. Historia yetu ya karibu nusu karne inaonyesha kwamba uwezo wa kuandika bei ya tiba haukuwahi kuitawala bei hiyo. Aliyeitawala ni yule aliyekuwa akilipa, na kila mara sheria ilipomsahau mlipaji, mzigo ulimwangukia mgonjwa.

Tuanze kwa kuwatendea haki waliotunga katazo lile. Walirithi nchi ambayo tiba ilipangwa kwa rangi na kwa mfuko: hospitali za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, madaktari wa kulipwa mijini, na misheni zilizotawanyika vijijini. Serikali iliyotaka zahanati kila pembe haikuweza kutazama kwa utulivu daktari aliyesomeshwa kwa fedha za umma akiuza ujuzi wake Dar es Salaam wakati wilaya nzima haina hata mmoja. Hoja hiyo ilikuwa nzito wakati ule, na bado ni nzito. Tena, kuna upande mmoja ambao mpango wao ulifanya kazi vizuri, nao hautajwi vya kutosha. Mahali ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya serikali, serikali iliingia makubaliano na hospitali ya kanisa, ikaifanya hospitali teule ya wilaya na kuchangia mishahara na gharama za uendeshaji. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilichukuliwa na serikali miaka ya sabini, kisha mwaka 1985 ikarejea katika uendeshaji wa pamoja na maaskofu. Kwenye mikataba ya aina hii malipo ya mgonjwa yalishushwa kwa sababu serikali ilikuwa imeweka fedha mezani, na mwenye kuweka fedha alikuwa na sauti.

Kwingine fedha hazikuwepo. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa mauzo ya nje vilikausha hazina, na katikati ya miaka ya themanini zahanati za vijijini zilitegemea masanduku ya dawa muhimu yaliyofadhiliwa na Denmark kupitia UNICEF. Kwenye karatasi matibabu yalikuwa bure. Dirishani mgonjwa aliambiwa dawa zimekwisha, akaandikiwa cheti akanunue nje, na mara nyingi akatoa kitu kidogo ili aonwe. Kuna wanaosema sheria isilaumiwe kwa hili, kwamba uhaba uliletwa na uchumi na ungekuja hata kama katazo lisingekuwepo. Ni kweli uhaba ulikuwa unakuja. Lakini sheria ndiyo iliyoamua uhaba huo ulipiwe vipi. Kwa kuufunga mlango ambao malipo yangepita mchana na kukatiwa risiti, iliyasukuma chini ya meza, mahali ambapo hakuna waziri anayeweza kuyapima wala kuyapunguza. Hospitali za kanisa zilizokuwa zikitoza ada kwa uwazi ziliendelea kupata wagonjwa, wakiwemo waliopita mbele ya zahanati ya bure kwenda huko, kwa kuwa angalau huko walijua wanalipia nini.

Kisha yakaja mageuzi, na yalikuja kwa haraka. Mwaka 1991, mwaka uleule wa Azimio la Zanzibar lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha, sheria ya 1977 ilirekebishwa na madaktari wakaruhusiwa tena kuendesha hospitali zao. Mwaka 1993 serikali ikaanza kuwataka wananchi wachangie gharama katika hospitali zake, ikianzia hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Muuzaji alikuwa amerudi na mnunuzi ameambiwa alipe, ila katikati yao hapakuwa na bima kwa umma wala fungu la pamoja. Palikuwa na misamaha kwa wajawazito, watoto wadogo na wasiojiweza, lakini msamaha usioambatana na fedha za kuifidia hospitali hubaki juu ya huruma ya mhudumu wa siku hiyo. Katika kipindi chote nilichokitaja, miaka hiyo ndiyo naiona migumu kuliko yote. Hata enzi za katazo, nadharia haikumwacha mgonjwa peke yake namna ile.

Watetezi wa soko hujibu kwamba ushindani ungeishusha bei iwapo ungepewa nafasi ya kutosha. Kwa saruji au sukari hoja hiyo ina mashiko, na Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake zina kazi halali. Kwa tiba nadhani inashindwa mapema. Aliyevunjika mguu Liwale hana hospitali tatu za kulinganisha. Hata aliye Dar es Salaam, penye nyingi, hachagui vipimo, kwani anayevichagua ni daktari, naye mara nyingi ndiye anayelipwa kwa vipimo hivyo. Ushindani uliokuja baada ya 1991 ulijikusanya mijini, kwa wenye uwezo, na haukutarajiwa kwenda kwingine.

Mabadiliko ya kweli yalianza pale alipopatikana mlipaji. Igunga, mwaka 1996, palijaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya inachangia mara moja kwa mwaka, serikali inaongeza tele kwa tele. Sheria ya 1999 ikaunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Tofauti ya mifuko hii miwili inafundisha. Ule wa jamii ulikuwa wa hiari, na kaya nyingi hazikuingia, au ziliingia ugonjwa ulipobisha hodi. Ule wa watumishi ulikuwa wa lazima, ukakua, na kwa kukua ukapata jambo ambalo sheria ya 1977 ililitamani bila kulipata: orodha ya bei ambayo hospitali ilipaswa kuikubali ikitaka wanachama wake. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa iliyouzwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilirudisha somo la hiari kwa uchungu. Wazazi wengi waliomkatia mtoto kadi walifanya hivyo akiwa tayari mgonjwa, na mwaka 2023 mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Wazazi hao hawakukosea. Yeyote angefanya hivyo. Kosa lilikuwa kuuza bima kwa namna iliyowaacha nje watoto wazima.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mlipaji mkubwa naye anaweza kuonea. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha mfuko kilipoanza kutumika, hospitali binafsi zilisema bei zake hazifidii gharama, na baadhi zikakataa kuwapokea wanachama hadi mazungumzo yalipofanyika. Siwezi kulipuuza pingamizi hilo, maana aliyeumia katika siku zile ni mwanachama aliyekwisha kukatwa mshahara. Lakini halinirudishi kwenye soko huria. Linanipeleka kwenye ule mlango uliosahaulika wa 1977: mamlaka ya umma juu ya ada, ambayo yalikuwa dhaifu yalipokuwa peke yake, yangeweza leo kutumika kama mwamuzi kati ya mfuko na hospitali, akiwa na hesabu za gharama mkononi na bila kuwa upande wa yeyote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeondoa hiari. Muswada wake ulikwama mwaka mmoja kabla, hasa kwa swali la nani atawalipia wasio na uwezo, na wabunge walifanya vema kulishikilia. Sheria sasa inaelekeza kuwepo mfuko wa kuwagharamia. Mwaka hadi mwaka, kiasi kitakachotengwa humo ndani ya bajeti ndicho kitakachoamua kama hospitali ya wilaya itampokea maskini kama mgonjwa mwenye mlipaji, au itampokea kwa msamaha ule wa 1993.