Miksedema: uvimbe wa ute

Kati ya Tororo na Busia nchini Uganda, kwenye barabara ipitayo Busitema, mwenye ngozi kavu inayowasha hutafuta kwanza mafuta, kisha dawa ya fangasi, kisha vidonge vya aleji. Anayeishuku tezi ya shingoni, dundumio, kuwa chanzo cha ukavu huo hujipapasa shingo. Asipokuta rovu, au goita kama wengi wanavyosema, hulisahau shauri hilo. Lakini tezi dundumio huweza kudhoofika bila shingo kuvimba hata kidogo.

Uso ukiumuka, nyusi zikinyonyoka kwa upande wa nje, ngozi ikawa baridi na nene, matabibu hutaja miksedema. Jina hilo alilitoa William Ord huko London mwaka 1878, akiunganisha maneno ya Kigiriki ya ute na uvimbe, kwa kuwa ngozi za maiti alizopasua zilijaa kitu cha utelezi. Kuandika “uvimbe wa ngozi” kwa Kiswahili hakutoshi. Nasema tuiite uvimbe wa ute, kwa sababu ute ndio unaofanya kazi yote hapa: homoni za dundumio zikipungua, asidi ya hayaluroni hurundikana ndani ya ngozi na kuyashika maji, kama mrenda unavyoyashika sufuriani. Bonyeza muundi kwa kidole gumba. Uvimbe wa maji, kama ule wa moyo au figo, huacha shimo. Wa ute hauachi. Viganja navyo huweza kugeuka manjano kwa karotini huku macho yakibaki meupe, jambo linalotofautisha umanjano huo na ule wa ugonjwa wa ini.

Istilahi hii ina ukorofi wake, maana hata dundumio inayofanya kazi kupita kiasi, katika ugonjwa wa Graves, huweza kuleta miksedema kwenye miundi. Ngozi peke yake haihukumu. Damu ndiyo hupimwa, hasa TSH, homoni ya tezi pituitari inayoihimiza dundumio.

Si kila zahanati ina kipimo hicho, na anayesubiri hushawishika kununua vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, ambayo kwa dozi kubwa huvuruga baadhi ya mashine za maabara: TSH huonekana ya chini kuliko ilivyo, na dundumio iliyolegea ikasomeka kuwa nzima. Amwambie mpimaji anameza nini, na aviache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.