Miisho ya Majina: Kilatini Katika Malezi ya Vijana wa Likasi

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha Jubile wametajwa mapadri, masista, makatekista na mafundi walioijenga parokia yetu. Hapa yafaa litajwe jambo dogo lisilopigwa picha wala kuwekewa jiwe la msingi, ambalo hata hivyo liliamua njia ya vijana wengi: somo la kwanza la Kilatini, yaani kukariri maneno na miisho ya majina.

Wabenedikto wa Abasia ya Saint-André ya Bruges, katika Ubelgiji, walifika Katanga mwaka 1910. Mwaka huohuo iliundwa Prefektura ya Kipapa, ikakabidhiwa Dom Jean-Félix de Hemptinne. Mwaka 1932 ikawa Vikariati, naye akaiongoza hata kufa kwake mwaka 1958. Mji wetu uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulipochukua jina la Likasi. Watoto wa wafanyakazi wa Union Minière walifundishwa kusoma na kuandika katika shule za misioni. Lakini Kilatini hakikuwa somo la shule za kambi. Kabla ya mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipoanza kupanua sekondari kwa Waafrika, kijana mweusi aliyetamani masomo hayo karibu hakuwa na mlango mwingine ila seminari ndogo.

Nao mlango huo ulikuwa na sheria. Sheria za Eklezia zilizotangazwa mwaka 1917, katika kanuni ya 1364, ziliagiza kwamba wanafunzi wa seminari wajifunze kwa makini lugha, na hasa mbili: Kilatini na lugha ya kwao. Mwaka uleule, tarehe 21 Julai, Stefano Kaoze alipewa Upadri na Mgr Victor Roelens huko Baudouinville, ambako leo ni Moba. Yeye ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu, naye alikuwa ameanza Kilatini kwa Mapadri Weupe kwenye pwani ya ziwa Tanganyika. Katanga basi ilipata mzaliwa wake altareni kwa njia hiyo hiyo ya miisho ya majina.

Ugumu wake ulikuwa wapi? Siyo katika maneno yenyewe. Mtoto wa Kikristu aliyekaa dawatini mara ya kwanza alikuwa na maneno mengi ya Kilatini kinywani mwake pasipo kujua. Misa ni missa, altare ni altare, sakramenti ni sacramentum, Eklezia ni ecclesia. Hata rozari aliyoishika mkononi ni rosarium, nalo latoka katika rosa, yaani ua la waridi, jina ambalo vitabu vingi vya sarufi hulitanguliza. Na aliyekuwa mtumishi wa altare alikwisha kusikia Dominus, Domine, Domini na Domino kila asubuhi. Alizisikia kama sauti nne. Mwalimu alikuwa na kazi ya kumwonyesha kwamba ni jina moja lenye mavazi manne.

Ugumu ulianza hapo. Jina la Kilatini lina hali sita: nominativi, vokativi, akuzativi, jenitivi, dativi na ablativi, nazo huonekana mwishoni mwa neno. Petrus Paulum vocat maana yake Petro anamwita Paulo. Ukiyageuza maneno, ukasema Paulum Petrus vocat, anayeita ni Petro vilevile, kwa kuwa mwisho -um wamwonyesha anayeitwa. Kwetu ukisema Paulo anamwita Petro, umekwisha kugeuza habari yote. Tena Kiswahili chetu cha kila siku hapa Likasi hupenda kuweka alama mbele ya jina: twasema mu nyumba, ku soko, kama vile Kiluba na Kisanga vifanyavyo. Ni Kiswahili cha vitabu kinachosema nyumbani na sokoni, na hiyo -ni ndogo ilitosha kuwa mfano wa kwanza wa jina linalobadili kazi yake kwa kubadili mwisho wake.

Lakini kuna jambo ambalo mtoto wetu alilijua vizuri kuliko mtoto wa Bruges: mapatano ya maneno. Kilatini husema bonus, bona, bonum kwa kufuata jina linaloandamana nayo. Mtoto wa Mfaransa au wa Mfleming hujifunza mapatano hayo kwa jasho, kwani lugha yake ina machache. Mtoto wa Likasi ameyanyonya: mtu mwema, kiti chema, neno jema. Yako hata mapatano magumu zaidi. Katika Kilatini, agricola, yaani mkulima, huishia kama rosa, lakini husemwa agricola bonus, wala siyo bona, kwa sababu mkulima huhesabiwa kuwa mwanamume. Jambo hili huwasumbua wanaoanza kila mahali. Lakini sisi twasema kiongozi mwema, wala siyo kiongozi chema, ingawa neno laanza kwa ki-. Sababu ni ileile: maana ya mtu imelishinda umbo la neno.

Je, utajiri huo ulitumiwa? Kidogo sana, naona mimi. Seminarini, katika miaka ya 1950, Kilatini kilifundishwa kwa njia ya Kifaransa, lugha ya kigeni ikifungua lugha nyingine ya kigeni. Kanuni ilitaja lugha mbili, na ile ya pili ilibaki uwanjani pamoja na mpira. Kijana aliyeshindwa na miisho alirudishwa nyumbani, hata kama alikuwa mwema katika sala na hodari katika kuwaeleza wazee Injili kwa Kiswahili. Mapadri walezi walitii sheria, nasi hatuwahukumu. Lakini Jubile ni wakati wa kuwakumbuka pia wale waliorudi na masanduku yao.

Kati ya waliofaulu, mji huu ulimzaa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville tarehe 8 Desemba 1941, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Alisoma katika seminari za Kakanda na Mwera, akaingia utawa wa Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda, kisha akauacha, akawa mwalimu wa chuo kikuu Lubumbashi na baadaye Marekani, alikofariki mwaka 2025. Aliandika kwamba akiwa na miaka 18 alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Kifaransa kabisa, mtii wa mawazo ya Wagiriki na Waroma. Mwaka 1979 alichapisha uchunguzi juu ya neno moja tu, hewa, katika Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Hizo ndizo lugha tatu za seminari. Lugha za nyumbani hazimo.

Mabadiliko yalikuja upesi. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake walitoa Missa Luba, yenye maneno ya Kilatini na sauti ya Kiluba. Mwezi Februari 1962 Papa Yohane wa 23 aliagiza Kilatini kiimarishwe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ukazifungulia lugha za mataifa mlango wa Liturjia. Na Sheria mpya za mwaka 1983, kanuni ya 249, zataja tena lugha zilezile mbili, ila safari hii lugha ya kwao yatangulia, Kilatini chafuata.

Leo chaguo la Latin-Philo lingalipo katika sekondari za nchi yetu, nao watoto wangali wanakariri rosa, rosam, rosae. Mwalimu wao na aandike ubaoni kiti chema na kiongozi mwema, chini yake rosa bona na agricola bonus, kisha awaulize wao sababu, kabla ya kufungua kitabu cha Kifaransa.