Gari linavuta upande? Angalia haya kabla ya kulipia alaimenti

Umetoka Nyakanazi, umepita Lusahunga, na Nyakahura imebaki nyuma. Ukilegeza mkono kidogo, gari linakwenda kushoto lenyewe. Unasimama Benaco kuangalia tairi: upande wa ndani limelika hadi nyuzi zinaonekana, upande wa nje bado lina meno.

Kwa madereva wa Biharamulo na Ngara, hilo si jambo geni. Barabara ya Lusahunga–Rusumo, yenye kilomita 92, hupitisha malori mengi ya Rwanda na Burundi, na kwa miaka mingi watu wameilalamikia kwa mashimo. Gari likiingia shimoni kwa kasi, pembe za magurudumu zinaweza kuhama. Kuzirudisha mahali pake ndiko kunaitwa wili alaimenti.

Pembe tatu za kujua

• Tou: ukitazama gari kutoka juu, tairi za mbele zinaelekea wapi? Zikikaribiana sana kwa mbele, au zikiachana kama miguu ya bata, zinasugua barabara badala ya kubingirika vizuri.

• Kemba: ukisimama mbele ya gari, tairi limelalia ndani au nje? Ikizidi, tairi hulika upande mmoja.

• Kasta: ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukilitazama gari kutoka ubavuni. Ndiyo husaidia usukani kurudi katikati baada ya kona.

Hata wanaoshindanisha magari madogo ya rimoti huhangaika na pembe hizihizi. Wao huzungusha kirodi chenye uzi, kinarefuka au kufupika, na tairi linageuka. Kwenye Probox au IST kanuni ni ileile, ila kinachozungushwa ni tairodi.

Milimita 3 zinavyokula tairi

Chukua gari lenye rimu za inchi 14. Ukipima kwenye kingo za rimu, tairi za mbele zimeachana kwa milimita 3 kuliko inavyotakiwa. Kwa macho huoni kitu. Lakini kwa hesabu ya pembe hiyo, kila tairi linaburuzwa kiubavu karibu mita 4 katika kila kilomita 1. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo, hiyo ni kama mita 350 za kusuguliwa.

Hela ya tairi inaondoka, ila hatari kubwa ni nyingine. Tairi lililobaki nyuzi linaweza kupasuka, na gari lenye mzigo kwenye miteremko ya Ngara halikupi nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Anza na haya

1. Upepo. Tairi moja likiwa na upepo pungufu, gari huvuta upande huo. Kipimo sahihi mara nyingi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

2. Tairi lenyewe. Badilisha la mbele kushoto na la mbele kulia. Gari likianza kuvuta upande mwingine, tatizo ni tairi.

3. Breki. Baada ya safari, rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, huenda breki imekamata.

4. Boljointi na tairodi. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, kisha tikisa gurudumu. Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi.

5. Bushi na shokapu. Bushi ikikatika, pembe zinabadilika kila ukikanyaga breki.

Kupiga alaimenti kwenye gari lenye boljointi mbovu ni kutupa hela. Shimo linalofuata litaharibu kila kitu.

Rusumo unapata jibu la bure

Barabara nyingi za lami zimeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Tanzania tunapita kushoto, hivyo gari zima kabisa linaweza kuteleza kushoto kidogo. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, unahamia kulia. Kama gari sasa linateleza kulia, huenda ni mwinamo wa barabara tu. Kama bado linang'ang'ania kushoto, tafuta fundi.

Mashine iko mbali? Chaki na tepu

Kasta na kemba zinahitaji vifaa. Tou unaweza kuipima na mtu wa pili:

• Egesha sehemu tambarare, usukani ukiwa katikati.

• Nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye urefu wa katikati ya gurudumu, weka alama ya chaki katikati ya meno. Pima umbali kati ya alama hizo mbili.

• Sukuma gari mbele hadi alama zije upande wa mbele, kwenye urefu uleule. Pima tena.

Umbali wa mbele ukiwa mkubwa, tairi zimeachana. Ukiwa mdogo, zimekaribiana. Kwa magari mengi madogo tofauti inayotakiwa ni milimita chache tu. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari lako. Fundi atalegeza nati za tairodi na kuzungusha pande zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande. Baada ya hapo gari lisukumwe mita kadhaa, lipimwe upya.

Kemba ikiwa imehama sana baada ya kugonga shimo, huenda kuna kitu kimepinda: shokapu, mkono wa chini au nako. Usikubali kinyooshwe kwa moto na nyundo, maana chuma hicho kinaweza kukatika ukiwa njiani. Kibadilishwe kwanza, ndipo alaimenti ifuate.