Jina lako liko wapi kwenye gari?

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nina kisa, na ndani yake kuna historia.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo anafanya kazi Michigan, Marekani. Anaandika programu za breki za magari. Yuko huko kwa viza ya H-1B, ambayo kwa kawaida ukomo wake ni miaka 6, na yake inakaribia kuisha. Juzi alinitumia faili lenye kurasa karibu 200. "Bwana, soma hii," akaniambia, "kisha unieleze kama mtu asiyenijua ataona nimefanya nini." Lilikuwa ombi la ukaazi wa kudumu kwa msingi wa uwezo usio wa kawaida.

Nilisoma usiku kucha. Ukweli ni kwamba namjua huyu jamaa tangu tukigawana kompyuta moja watu wanne, na bado sikuona amefanya nini. Niliona kampuni imefanya nini. Hapo ndipo nikaanza kuchimba.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1903 kijana wa Hungaria aitwaye József Galamb alifika Marekani. Mwaka 1905 akaingia Ford, na baadaye akawa mmoja wa wahandisi waliochora Model T, gari lililotoka mwaka 1908 na kuuzwa zaidi ya milioni 15. William Knudsen alitoka Denmark mwaka 1900 akiwa na miaka 20 hivi, akaanza kwa vibarua vya kwenye kiwanda cha kuunda meli. Mwaka 1937 alikuwa rais wa General Motors. Siku waliposhuka melini, hakuna aliyewauliza tuzo wala makala za magazeti. Wangeulizwa, wasingekuwa na la kuonyesha. Umaarufu wao ulikuja baadaye, na ulitokana na kazi waliyoifanya huko huko.

Lakini tusidanganyane. Mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Wachina walikuwa wamefungiwa kwa sheria tangu 1882. Mwaka 1924 ukaja mgao wa nafasi kwa kufuata nchi ulikotoka, na mgao huo haukufutwa hadi sheria ya 1965.

Mlango anaougonga rafiki yangu ulijengwa na sheria iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush tarehe 29 Novemba 1990. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta H-1B. Ilitenga nafasi kama 140,000 kwa mwaka kwa wahamiaji wa kazi, na takriban 40,000 zikawa za daraja la kwanza, ambamo wamo hawa wa uwezo usio wa kawaida. Uzuri wake ni huu: huhitaji mwajiri akuombee. Unajiombea mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba lazima uthibitishe kuwa uko miongoni mwa wachache waliofika kileleni katika fani yako.

Unathibitishaje? Ukiwa na tuzo kubwa ya dunia kama Nobel, hiyo moja yatosha. Ukikosa, kuna vigezo 10 na unatakiwa kutimiza angalau 3: tuzo, uanachama wa vyama vinavyochagua watu, kuandikwa na vyombo vya habari, kuhukumu kazi za wenzako, mchango mpya wenye uzito mkubwa, makala za kitaalamu, maonyesho ya kazi zako, nafasi muhimu katika taasisi yenye sifa, mshahara mkubwa, na mafanikio ya kibiashara katika sanaa za jukwaani. Kisha mwaka 2010, katika kesi ya Kazarian, mahakama ya rufaa ilitenganisha hatua mbili: kwanza kuhesabu vigezo, halafu kupima ushahidi wote kwa pamoja. Kwa hiyo ukipata 3 usishangilie bado.

Sasa chukua vigezo hivyo uvipeleke kwenye kiwanda cha magari. Tuzo hupewa gari. Gazeti humwandika mkurugenzi. Uanachama wa kawaida wa SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa 1905, hausaidii, maana wengi huingia. Kazi nzuri kabisa huwa siri ya kampuni, tena imefanywa na watu 40. Hataza angalau hutaja jina la mvumbuzi hata kama mali ni ya kampuni, lakini hataza pekee haitoshi. Lazima uonyeshe imetumika wapi na imebadilisha nini.

Linganisha na mbio za magari yasiyo na dereva za DARPA mwaka 2005. Gari la Stanford lililoitwa Stanley, la timu ya Sebastian Thrun mzaliwa wa Ujerumani, lilishinda dola milioni 2 jangwani. Shindano lilikuwa hadharani, timu ikajulikana, makala zikachapishwa. Kazi ya namna hiyo inaacha ushahidi yenyewe. Breki isipokuua haiandikwi popote.

Tulifanya nini? Tulikaa kwenye simu siku tatu. Barua yenye sifa tupu, "mchapakazi hodari", tukaiweka kando. Aliyekuwa bosi wake akakubali kuandika upya, aeleze ni sehemu ipi ya mfumo aliyoibuni yeye, iliingia kwenye magari gani, na ni tatizo gani la breki lililoondoka. Hataza zake 2 zikaja mbele. Faili likapungua nusu. Amelituma wiki jana, anasubiri.

Nami nikafungua kabrasha jipya kwenye kompyuta yangu, nikaandika kazi zangu za miaka 5: tarehe, nilichofanya, nani aliona. Nilikwama mwaka wa pili. Sikumbuki. Wewe unayeandika programu za watu, anza leo, hata kama huna mpango wa kusafiri popote.

Haya, tukutane tena panapo majaliwa.