Mhusika asiye na kwao huidhoofisha hadithi mezani

YATIMA mwenye upanga, asiyemjua baba wala mama, ambaye kijiji chake kiliteketezwa kwa moto na hakuna aliyesalimika ila yeye: huyu ni miongoni mwa wahusika wanaojitokeza mara nyingi katika michezo ya kuigiza wahusika, na ni miongoni mwa wanaowasumbua zaidi wasimulizi wa michezo hiyo.

Michezo hiyo, iliyoanzia Marekani, huchezwa na watu wachache walioketi mezani wakiwa na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja wao huwa msimulizi, ambaye huueleza ulimwengu wa hadithi, huwasemea wakazi wake na kuamua matokeo pale kanuni zinaponyamaza. Waliobaki humwigiza kila mmoja mhusika wake, na hadithi huendelea kikao baada ya kikao, pengine kwa miaka kadhaa. Mfululizo huo wa vikao huitwa kampeni, jina lililorithiwa kutoka michezo ya vita ya mezani, wala halina uhusiano wowote na kupiga kura.

Tatizo la yatima huyo ni rahisi kulieleza. Msimulizi anaweza kutumia miezi akichora ramani na kubuni wafalme, majoka, miungu na bei za vitu sokoni. Lakini iwapo mhusika hana anachokipenda, anachokiogopa wala anachodaiwa katika nchi hiyo, habari kwamba mji umezingirwa na adui haimgusi. Atauliza atalipwa kiasi gani, na asiporidhika atashika njia nyingine, huku ramani yote ikibaki mapambo.

Kasoro hiyo ina historia. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezaji alirusha dadu 3 kwa kila moja ya sifa 6, zikiwamo nguvu, akili na hekima, akachagua aina ya mhusika, akanunua silaha na kushuka mahandakini kutafuta hazina. Kanuni hazikumwuliza mama yake ni nani.

Ilikuwapo sababu. Wahusika wa wakati huo walikufa kwa wingi, na ni kazi bure kumtungia nasaba mtu ambaye huenda asiimalize jioni yake ya kwanza. Nafasi katika jamii ilikuja mwishoni, kama tuzo ya kusalimika: mpiganaji aliyefika daraja la juu aliweza kujenga ngome na kutoza kodi wakazi wa eneo lake.

Mchezo wa Traveller, uliotolewa mwaka 1977 na Marc Miller, uligeuza utaratibu huo. Huo ni mchezo wa safari za angani na hauna majoka, lakini mhusika wake aliingia mezani akiwa tayari amekwisha kufanya kazi, jeshini au katika biashara, kwa mihula ya miaka 4. Dadu zikimkataa aliweza hata kufa kabla ya mchezo kuanza, jambo ambalo wachezaji wa zamani bado hulicheka.

Hata hivyo, aliyelishughulikia suala hili kwa kina zaidi ni Greg Stafford, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 2018. Stafford alianza kuutunga ulimwengu wake wa Glorantha mwaka 1966, na mwaka 1978 kampuni yake ya Chaosium ilitoa mchezo wa RuneQuest uliowekwa katika ulimwengu huo.

Katika RuneQuest nguvu kubwa za uchawi hutoka kwa miungu, na mhusika anayezitaka hulazimika kujiunga na madhehebu ya mungu fulani. Madhehebu hayo yana mahekalu, makuhani, maadui na masharti. Muumini aliyekubaliwa hutoa zaka, yaani fungu la kumi la kipato chake, na hutoa muda wake vilevile. Kwa hiyo hata mchezaji asiyejali hadithi, anayetafuta nguvu tu, hujikuta ana wakubwa wa kuwatii na ndugu wa imani wa kuwatetea. Amefungwa na tamaa yake mwenyewe, na hiyo ni kamba imara kuliko ombi la msimulizi.

Toleo la mwaka 2018 limekwenda mbali zaidi. Mchezaji huanza na babu au bibi wa mhusika, kisha mzazi, ndipo afikie kwa mhusika mwenyewe, akirusha dadu kujua kila mmoja alikuwa wapi katika vita na misukosuko ya nchi. Babu aliyeuawa na majeshi ya dola jirani anaweza kumwachia mjukuu chuki dhidi ya dola hiyo, nayo huandikwa kwa asilimia katika karatasi ya mhusika na kurushiwa dadu kama ujuzi wa upanga.

Katika King Arthur Pendragon, mchezo mwingine wa Stafford uliotoka mwaka 1985, wachezaji huwa askari wapanda farasi wa Uingereza ya Mfalme Arthur. Kwa kawaida kisa kimoja huchukua mwaka mmoja wa hadithi, kisha huja majira ya baridi. Hapo panga huwekwa kando, na dadu hurushwa kujua mavuno yalikuwaje, farasi yupi amekufa, na iwapo mtoto amezaliwa na kama waliokuwapo wamesalimika.

Msomaji anaweza kudhani sehemu hiyo inachosha. Kinyume chake, ndiyo inayoupa mchezo uzito wake. Kampeni yake kubwa, iliyotolewa katika kitabu mwaka 2006, huchukua takriban miaka 80 ya hadithi, hivyo mhusika huzeeka na kufa, na mchezaji huendelea na mwanawe. Anayepigania daraja la mto katika mwaka wa 10 anajua kwamba shamba lililo ng'ambo litarithiwa na mtoto ambaye siku moja atamwigiza yeye mwenyewe.

Watunzi wa baadaye walitafuta njia fupi. Spirit of the Century, mchezo wa mwaka 2006, humtaka kila mchezaji abuni kisa kimoja cha zamani cha mhusika wake, kisha aingie kama mgeni katika visa vya wenzake, hivyo kundi huanza likiwa limekwisha kufahamiana. Katika 13th Age, uliotoka mwaka 2013, wapo vigogo 13 wanaoushikilia ulimwengu, na kila mchezaji hugawa alama chache za uhusiano, mwema au mbaya, miongoni mwao. Dungeons & Dragons yenyewe, katika toleo la mwaka 2014, ilimtaka mchezaji aandike walau jambo moja linalomfunga mhusika wake na ulimwengu.

Mchezaji akiandika kwamba anawapenda wazee wake na kuishia hapo, hajampa msimulizi kitu cha kushika. Kifungo hufanya kazi kikiwa na mtu mwenye jina, aliye hai, anayeishi mahali panapofikika na anayetaka kitu.

Mathalani, mji wa bandari unatawaliwa na joka linalotoza kodi ya chumvi. Mchezaji wa kwanza, badala ya kuwa yatima, anasema kaka yake ni karani wa forodha ya joka hilo, na ndiye anayewalisha wazazi wao. Wa pili, mwizi, anadaiwa magunia 12 ya chumvi na mfanyabiashara wa magendo. Wa tatu, mchawi kijana, alifukuzwa chuoni kwa kosa ambalo karani yuleyule analijua. Usiku msimulizi anatangaza kwamba forodha inaungua. Hana haja ya kuahidi malipo, kwani wote watatu wamekwisha kusimama, na kila mmoja anakimbilia mlango tofauti.

Katika mfano huo mtu mmoja, karani, amewashika wahusika wawili, tena kwa kuvutana: mmoja anataka aokolewe, mwingine huenda angependa siri ife naye. Kurasa 10 za wasifu ambazo mchezaji ameziandika peke yake nyumbani mara nyingi hazifikii nguvu hiyo, kwa kuwa hazina mtu yeyote ambaye wenzake mezani wanamjua. Ndiyo maana makundi mengi siku hizi huwa na kikao kinachoitwa kikao sifuri, kabla ya hadithi kuanza, ambapo wahusika hubuniwa kwa pamoja.

Lipo jambo ambalo kanuni haziwezi kulitatua peke yake. Wachezaji wengi huchagua uyatima kwa makusudi, kwa sababu waliwahi kumtaja dada, na katika kikao cha tatu dada akakutwa amechinjwa ili mhusika apate hasira. Mchezaji aliyefanyiwa hivyo mara mbili hujifunza kutompa msimulizi kitu chochote cha kupendwa, na lawama hapo si yake.

Wasimulizi makini hulikwepa kosa hilo kwa kumtumia ndugu kabla ya kumhatarisha. Karani huleta habari, huficha watu ghalani, hukopa fedha asirudishe na hualika watu harusini. Aidha, huwauliza wachezaji mapema ni nani asiguswe, na ahadi hiyo huheshimiwa hadi mwisho.

Ndugu wa namna hiyo hufaa hata mhusika anapouawa. Dada yake karani akianguka mbele ya joka, mchezaji wake hahitaji kubuni mgeni atakayeokotwa na kundi njiani. Huchukua karatasi mpya na kuandika jina la karani, naye siku ya kikao kinachofuata hufika mezani akiwa na deni la mwizi, siri ya mchawi na upanga ambao bado hajui kuushika.