Yuru Camp: katuni ya Japani yenye inatembea pole pole

Kwa vijana wengi, ukitaja katuni ya Japani wanawaza mara moja mapigano: Naruto, Dragon Ball, ngumi na moto. Yuru Camp ni kitu ingine. Ndani yake hakuna adui, hakuna vita. Kuna wasichana watano wa shule ya sekondari wenye wanabeba hema, sufuria na blanketi, wanaenda kulala karibu na mlima Fuji, wanapika, wanacheka, kesho yake wanarudi nyumbani. Ni hiyo tu, na watu wanaifuata tangu mwaka 2018.

Ilitoka wapi?

Ilianza mwaka 2015 kama hadithi ya picha, kazi ya mchoraji anayejiita Afro. Kwa Kifaransa vitabu vyake vinaitwa Au grand air. Neno "yuru" linatoka kwa "yurui", maana yake kulegea, kufanya bila haraka. Msimu wa kwanza wa televisheni ulitoka Januari 2018, vipindi 12, kazi ya studio C-Station. Msimu wa pili ulikuja 2021, vipindi 13. Filamu ya sinema ilifuata Julai 2022, na msimu wa tatu mwaka 2024, safari hii kwa mikono ya studio 8bit.

Hao wasichana ni nani?

Rin Shima anapenda kwenda peke yake, tena wakati wa baridi, juu wakati ule hakuna wadudu wala watu wengi. Vyombo vyake vya kwanza alipewa na babu yake. Nadeshiko Kagamihara, yeye, ametoka tu kuhama Hamamatsu kuja jimbo la Yamanashi. Siku ya kwanza anapanda kinga mpaka ziwa Motosu kuangalia Fuji, usingizi unamshika, anaamka giza limeingia. Rin anamkuta pale, anamgawia tambi za moto, na urafiki unaanza. Wengine ni Chiaki, Aoi, na Ena, rafiki wa Rin.

Kwa nini ziwa Motosu? Nadeshiko alitaka kuona ile Fuji yenye iko nyuma ya noti ya yen 1000. Noti hiyo ilitumika toka 2004, na mwaka 2024 ikatolewa mpya. Upande wa mbele ilikuwa na sura ya daktari Hideyo Noguchi, ambaye alikufa Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano, ugonjwa wenyewe alikuwa anauchunguza.

Pesa na makosa

Hawa si watoto wa matajiri. Rin anafanya kazi kidogo katika duka la vitabu, Aoi dukani, Chiaki kwenye duka la pombe. Hema ya Chiaki na Aoi ni ya yen 980, na siku ya kuisimamisha fimbo yake inavunjika. Nadeshiko anaiangalia taa moja dukani muda mrefu, mpaka siku anapata mshahara wa kuinunua.

Makosa nayo hayakosi. Kwenye ziwa Shibire makala inakataa kuwaka, nyama inangoja, mpaka jirani wa hema ingine anakuja kuwasaidia. Kwenye ziwa Yamanaka, Chiaki, Aoi na Ena wanafika bila kupima baridi ya usiku. Betri za simu zinakufa, na wanaokolewa na wageni wenye wanawakaribisha penye joto. Mwalimu wao anafika usiku uleule, na anawaeleza kwamba yeye pia alikosa kwa kutowauliza vizuri wanaenda wapi.

Jambo moja la kukumbuka: makala ikiwaka ndani ya hema ama chumba chenye kimefungwa, inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanaweza kufa wakiwa usingizini.

Mahali ni pa kweli

Maziwa, madaraja na barabara za katuni hii viko kweli, zaidi Yamanashi na Shizuoka. Shule ya wasichana imechorwa kwa kufuata jengo la shule ya Minobu ambayo ilifungwa. Vijiji vingi vya Japani vinazeeka, vijana wanaenda mijini. Filamu ya 2022 inagusa jambo hilo: wasichana wamekuwa watu wazima, wana kazi, wanakutana tena kugeuza mahali palipoachwa kuwa uwanja wa kupiga hema. Kazi inasimama pale udongoni panapoonekana vyungu vya watu wa kale.

Hema na hema

Kwa msomaji wa Goma, Bunia ama Uvira, neno "kambi" halileti picha ya konji. Linaleta watu waliokimbia, mvua ikipita juu ya turubai, foleni ya maji. Mlima wa moto tunao pia: Nyiragongo una karibu metre 3470, Fuji 3776. Kile chenye kinatenganisha hadithi hizi mbili si hema wala mlima. Ni kwamba Rin anaweza kuweka mafuta ndani ya pikipiki yake ndogo, kulala kando ya ziwa peke yake akiwa msichana wa sekondari, na mama yake akamngoja nyumbani bila kulia.

Katuni haisemi neno juu ya amani. Inaonyesha tu watu wenye wanayo: barabara wazi, mtu usiyemjua anakuletea moto, rafiki anakutumia picha ya chakula chake kwa simu na kuuliza kama umefika salama. Mtu mwenye anajua barabara ya Bunia ataelewa thamani ya swali hilo.